Mwonjaji wa Ndimu

Miaka thelathini na moja nimesimama penye mkanda
katika ghala la ndimu, Tecomán,
kisu kifupi mkononi, na kazi yangu ni ulimi:
nakata, nafyonza, nasema.
Hizi ziende Guadalajara. Hizi zina maji, hazina ukali.
Hizi, jamani, mrudishieni Don Gaudencio na mti wake.
Arobaini kwa zamu, hamsini msimu ukichachamaa,
na chumvi kidogo, mtu asije akasema nateseka.

Nyumbani nilikuwa mtu wa usafi.
Mama yangu, Eduviges, alitukagua vinywa mlangoni
kama askari wa forodha.
Basi nikitoka zamu, hata viatu sijavua,
mswaki mgumu, dawa tele, chaka chaka chaka
mpaka fizi ziseme inatosha.
Kiooni yaling'aa. Laini kama kokoto za mtoni.
Sikujua kwamba kokoto hulainika kwa kupungua.

Kwanza ilikuja ganzi.
Si ile ya ndimu moja, ambayo kila mtoto wa Colima anaijua,
bali ganzi iliyopanga chumba, ikahamia na vyombo vyake.
Maji ya barafu yalinichoma hadi sikioni.
Kisha ncha za meno ya mbele zikawa kioo,
mwanga wa taa unapita.
Kisha umanjano, kama ukuta wa kanisa
chokaa ikibanduka.

Daktari Ubaldina Cárdenas hakunigombeza.
Alinishikisha kioo, akanionyesha gego la chini:
ile ziba ya madini niliyowekewa ujanani
imesimama juu ya jino
kama jiwe shambani, mvua ikishaondoka na udongo.
"Ziba haikukua, Don Eleuterio.
Jino ndilo lililoshuka."

Nikasema, basi ni wadudu.
"Laiti! Humu sioni hata tundu moja.
Hili halikuoza, linayeyuka.
Asidi hulainisha gamba la jino,
na mate, yakipewa muda, huja kulikaza,
polepole, kama fundi mzee asiyependa kuharakishwa.
Wewe humpi muda.
Akifika anakukuta na mswaki,
unafagia saruji ambayo haijakauka."

Saruji ambayo haijakauka.
Nilimfikiria mama pale mlangoni.
Sijamwambia. Amekufa, lakini sijamwambia.

Akaniuliza habari za usiku: kiungulia? uchachu kooni?
Kwa kuwa tumbo nalo, alisema, lina ndimu zake.
Akaniuliza soda. Nikadanganya kidogo.
Akachukua umbo la meno yangu kwa plasta,
akaandika tarehe kwa penseli,
akaliweka rafuni, kati ya kinywa cha dereva wa lori
na kinywa cha mtawa.
"Mwakani tutalinganisha."

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Kweli. Lakini mimi sikuwa na pengo,
nilikuwa na meno yaliyokuwa yakiondoka
yangali yamesimama.
Aliyajengea ncha kwa utomvu mweupe
unaokauka kwa taa ya buluu,
na akanionya: hii ni paa tu,
mvua ukiiachia iendelee, nyumba itakwenda.

Sasa naonja kumi, kwa mkupuo mmoja,
si kudonoadonoa mchana kutwa.
Nasuuza kwa maji, natema, natafuna kipande cha jibini.
Mswaki laini, dawa yenye floridi,
lakini baada ya saa nzima.
Saa hiyo ni ndefu, nawaambieni.
Nakaa barazani mdomo ukiwa mchafu,
mtoto wa Eduviges, nikimsubiri fundi.

Plasta ya pili ilipolinganishwa na ya kwanza,
daktari alitafuta tofauti kwa kidole,
akatafuta tena, akaacha.

Zilizobaki anaonja Nereida, binti wa dada yangu,
ana miaka kumi na tisa na haraka zake.
Anafyonza, mimi namnyooshea chupa ya maji.
"Suuza. Uteme."
"Mjomba, umekuwa mtawa?"
Anacheka, meno yote nje.
Taa ya ghala inayapiga,
na haipiti.